Kurasa Sitini na Mbili za Abdulwahab

Tangazo la kazi lilitaka cheti, barua ya maombi na tovuti tatu ambazo mwombaji aliwahi kuzitengeneza, zote ziwe zinafunguka. Abdulwahab alipokisoma hicho kipengele cha mwisho alitabasamu. Miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza tovuti hapa Dodoma, na katika daftari lake alizihesabu arobaini na moja. Alimwambia mkewe Naima kwamba hiyo ni kazi ya nusu saa.

Ilimchukua Jumamosi nzima.

Alianza na ya kwanza kabisa, ya nyumba ya wageni karibu na stesheni, aliyoitengeneza akiwa bado chuoni. Haikufunguka, nyumba yenyewe ilishabomolewa kupisha barabara. Akajaribu ya wakulima wa zabibu wa Zuzu, aliyoipenda kuliko zote kwa sababu alikwenda mwenyewe shambani kupiga picha za vichala. Hiyo ilifunguka, ila hapakuwa na zabibu. Jina lilikuwa limechukuliwa na watu wa kamari, na mwanamke asiyemjua alikuwa akimkonyeza huku ameshika mpira. Shule moja ya sekondari ilikuwa imehamia Facebook. Chuo kimoja kilikuwa kimejengewa tovuti mpya na watu wengine, na pale chini kabisa, palipokuwa na jina lake kwa herufi ndogo, sasa palikuwa na jina lao.

Mchana Naima, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alimwekea ugali na mlenda mezani, kando ya kompyuta.

"Zimefunguka ngapi?"

"Mbili."

"Kati ya arobaini?"

"Na moja."

Naima akakaa. "Sasa hizo nyingine ziko wapi?"

"Haziko popote. Mwashi akizeeka anapita mtaani anawaonyesha wajukuu, nyumba ile niliijenga mimi. Mimi nitawaonyesha nini?" Alisema hivyo bila hasira. Alikuwa amechoka tu, uchovu wa mtu aliyegundua kwamba amekuwa akichora mchangani.

Tangazo liliruhusu jambo moja: kama tovuti haifunguki tena, barua ya mteja ingekubaliwa. Abdulwahab alihitaji barua moja tu. Akaanza kupiga simu. Namba ya kwanza haikupatikana. Mwenye namba ya pili alisema, "Abdulwahab yupi?" na hata alipoelezwa hakukumbuka. Ya nne ilikuwa ya Lea, katibu wa umoja wa wafugaji wa mbuzi kule Mpwapwa.

"Abdulwahab wa tovuti?" Lea aliuliza. "Njoo. Barua nitakuandikia, lakini uje mwenyewe."

Jumatatu alipanda basi. Mpwapwa ilikuwa na upepo na vumbi la Julai, na bodaboda ilimshusha mbele ya duka la pembejeo ambalo ofisi ya umoja ilikuwa nyuma yake, chumba kimoja chenye meza, mabenchi mawili na picha ya beberu iliyokatwa kwenye kalenda. Lea alikuwa afisa mifugo mstaafu, mwanamke mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Umenenepa."

Hakuuliza habari za safari. Alifungua kabati, akatoa faili nene la kijani na kuliweka mbele yake. Abdulwahab akalifungua. Ilikuwa tovuti yake. Kurasa zote zilikuwa zimechapishwa kwenye karatasi, zimetobolewa na kufungwa, kuanzia ukurasa wa mwanzo wenye salamu za mwenyekiti hadi ule wa mawasiliano. Juu ya kila karatasi palikuwa na tarehe ya kuchapishwa, miaka sita nyuma. Pembe zilikuwa nyeusi kwa vidole.

"Mradi uliotulipia tovuti ulipokwisha nilijua itazimwa," Lea alisema. "Nikaenda stesheneri nikawaambia wachapishe yote. Kurasa sitini na mbili. Watu wanakuja hapa, wanasoma. Asiyejua kusoma namsomea."

Abdulwahab alikumbuka wiki tatu alizopoteza kwa sababu mwenyekiti hakuridhika na rangi ya kijani, mara imekolea, mara imepauka. Kwenye karatasi hapakuwa na rangi yoyote, na hakuna aliyeikosa. Kilichobaki ni maneno: dalili za homa ya mapafu, miezi ya chanjo, namna ya kumhudumia mbuzi aliyeshindwa kuzaa. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi alijisikia mtu aliyefanya kazi.

Kisha akafika ukurasa wa kumi na tisa, jedwali la vipimo vya dawa ya minyoo. Namba zilikuwa zimekatwa kwa kalamu nyekundu na kuandikwa upya pembeni, moja baada ya nyingine.

"Hapa kuna nini, mama?"

"Unauliza?" Lea alivua miwani. "Nilikupigia mara tatu."

Abdulwahab hakukumbuka simu yoyote.

"Ulipobadilisha sura ya tovuti, ule mwaka wa pili. Nukta zilidondoka. Mbili nukta tano ikawa ishirini na tano. Nikakupigia, ukasema utarekebisha. Nikakupigia tena, ukasema uko kwenye kikao. Mara ya tatu ukasema, leo hii hii mama."

Hapo akakumbuka. Alikumbuka hata mahali alipokuwa amesimama, kwenye korido ya taasisi moja, akingoja kuonyesha kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Alikuwa amehamisha majedwali yote kwa programu fupi aliyoiandika mwenyewe, na hakuyasoma tena.

"Kuna aliyedhurika?" aliuliza.

"Mama Miriam wa Kibakwe. Mjane. Mwanawe alisoma kwenye simu, akawanywesha mbuzi wao kipimo hicho. Wawili walikufa, mmoja alikuwa na mimba." Lea aliirudisha miwani. "Baada ya hapo nikachukua kalamu. Nilipitia zote sitini na mbili."

Nje mtu alikuwa akibishana na muuza duka juu ya bei ya pumba. Abdulwahab alikuwa na sababu nyingi, na zote zilikuwa za kweli, na hakuna iliyofaa kutamkwa mbele ya lile faili.

"Naomba nilichukue niandike upya, niirudishe tovuti hewani," alisema mwishowe.

"Faili halitoki hapa. Ukitaka kuandika, meza hiyo."

Alikaa Mpwapwa siku tatu. Alilala nyumba ya wageni karibu na stendi, na asubuhi alikuta Lea ameshafungua. Aliandika ukurasa baada ya ukurasa pamoja na masahihisho yake mekundu, na kila jedwali alilisoma kwa sauti, naye Lea akijibu "ndiyo" au "rudia". Mgongo ulimuuma. Wafugaji waliingia, wakamsalimu, wakalivuta faili mkononi mwake kama kitu chao, wakasoma, wakalirudisha. Siku ya pili aliomba namba ya Mama Miriam, akampigia, akajitaja na kuomba radhi. Mama yule alisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Haya, nimesikia," akakata.

Siku ya kuondoka Lea alimpa barua yake. Ilikuwa na mistari mitano. Ilisema Abdulwahab aliwatengenezea tovuti iliyowasaidia wafugaji wengi, kwamba palikuwa na kosa la vipimo ambalo hakulishughulikia alipoambiwa, na kwamba baadaye alirudi akalirekebisha.

"Hii watanifukuza nayo," Abdulwahab alisema.

"Basi usiipeleke."

Aliipeleka. Naima aliisoma kabla mumewe hajaifunga kwenye bahasha, akamrudishia.

Kwenye usaili walikuwa watu watatu. Aliyeongoza, mzee mmoja aliyeitwa Castory, aliisoma barua mara mbili. "Kijana, kwa nini umeleta barua inayokusema?"

"Niliwatafuta wengi, mzee. Ni yeye tu aliyekumbuka nilichofanya."

Hakuipata ile kazi. Ilikwenda kwa binti aliyekuwa na tovuti tisa, zote zinafunguka. Lakini wiki mbili baadaye Castory alimpigia: taasisi yao iliyotangaza kazi ilikuwa na kurasa za zamani zaidi ya elfu moja, za fomu, ratiba na maelekezo, ambazo hakuna aliyetaka kuzigusa. Mkataba wa miezi sita. Je, angeweza?

"Umefurahi?" Naima alimuuliza.

"Nimechoka," alisema. "Ila nimekubali."

Siku ya kwanza walimpa meza iliyotazama ukuta. Alifungua ukurasa wa kwanza, maelekezo ya kuomba cheti kilichopotea, akakaa vizuri na kuanza kusoma, mstari wa kwanza, kisha wa pili.