Bibi Aliyeniomba Nizime Taa

Siku ile sikuwa nimeonja hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi, wala sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu najua utakachosema. Mimi ni daktari wa mifugo. Kazi yangu ni kuchoma ng'ombe sindano, si kutunga hadithi.

Kazi hiyo naifanya kwa pikipiki ya magurudumu manne, maana mvua ikinyesha, njia za vijijini kati ya Bukoba na Muleba hazipitiki kwa gari. Taa yake ilikuwa hafifu mno, basi nikaipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Bakoba, pale mjini. Akanifungia taa za LED: mbili kwenye bampa, na moja ndefu juu ya usukani. Alipoziwasha, ukuta wa jirani uliwaka hadi tukaona siafu wakitembea.

"Dada, kwa taa hizi hata mchawi atakukimbia," akasema. Tukacheka.

Wiki hiyohiyo nikaitwa Muleba kuzalisha ng'ombe. Wakati wa kurudi giza lilikuwa limeshaingia, manyunyu yanaanguka, na senene wananigonga usoni kwa kuzifuata taa. Lakini njia niliiona yote, jani kwa jani, nikajihisi malkia. Nikakata kona kwenye mteremko wa kuelekea Kanazi, na hapo katikati ya njia amesimama bibi mmoja.

Sikumwona akitoka migombani. Alikuwapo tu. Amejitanda shuka, kiganja kimeziba macho. Nikafunga breki. Taa zote zilikuwa juu yake, na niamini ninachokwambia: migomba ilikuwa na vivuli, mawe yalikuwa na vivuli, yeye hakuwa na kivuli.

"Waitu mwanangu," akanisihi kwa Kihaya, "zima hizo taa. Zinaniumiza macho."

"Shikamoo bibi. Nikizima nitaonaje njia?"

"Zima tu."

"Bibi, kuna giza, nitaanguka."

"Zima. Utaona."

Wewe ungefanyaje? Mimi nilizima taa, na injini nayo, nikafumba macho nikisubiri kukabwa shingo. Hakuna aliyenigusa. Nilipoyafumbua, nikaona chini kabisa korongoni kitu chekundu, kidogo kama kaa la moto. Ilikuwa taa ya nyuma ya pikipiki. Kisha nikasikia mtu akiguna.

Nikawasha. Bibi hayupo. Nikageuza taa zangu zielekee korongoni, nikateremka kwa kushikilia mibuni. Alikuwa mwanamume, pikipiki imemlalia mguu, damu inamtoka. Jina lake Rwegasira, lakini hilo nililijua baadaye. Nikamwondolea pikipiki, nikamfunga mguu kwa bandeji zangu za ng'ombe, naye akaniuliza jambo ambalo hadi leo linanisisimua:

"Bibi yuko wapi? Alinishika mkono tangu nilipoanguka. Ametoka sasa hivi, amesema anakwenda kusimamisha mtu."

Nilimkokota hadi juu njiani. Nilimpakia, nikaendesha mpaka hospitali.

Mama yake alipofika, nilimsimulia. Akanisikiliza, kisha akasema, "Hebu rudia alivyosema kuhusu taa." Nikarudia. Akakaa chini palepale sakafuni.

"Huyo ni mama mkwe wangu. Uzeeni macho yalimwuma sana, hata kibatari tulimzimia akila. Tulimzika kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani, Rwegasira akiwa bado ananyonya."

Rwegasira yu hai. Anachechemea kidogo, ana wana wawili, na ndizi za kwao hazikauki jikoni kwangu Kitendaguro. Nami kila nipitapo mteremko ule husimama, nikasema asante. Mchungaji wangu alinionya nisiongee na wafu. Nikamwambia, baba mchungaji, namshukuru Mungu tu kwa yule aliyemtuma.

Basi nawe unayetaka taa kali, funga. Mimi bado ninazo. Ila mwambie fundi akuwekee swichi karibu na kidole. Na siku mtu akikuomba uzime, usibishane naye kama nilivyobishana mimi. Nilipokuwa nikibishana, chini kule kuna mtu alikuwa anatokwa damu.