Mashine Haikumsoma Mama

Mama ameponda mawe ya dhahabu Bugarama miaka na miaka, mpaka vidole vyake vimekuwa laini kama kipande cha sabuni. Huoni hata mstari. Kwa hiyo kila alipokwenda kuhakiki laini yake ya simu, mashine ya alama za vidole ilimkataa. Mara tatu! Binti wa dirishani pale ofisi ya simu hata shikamoo hampi, anamwambia tu apanguse vidole ajaribu tena.

Siku hizo nilikuwa na hasira za karibu. Baba alikuwa amelazwa Kahama na kidonda cha sukari mguuni, na pesa ya upasuaji tuliyochangisha ilikuwa kwenye simu ya mama, kwa sababu mimi ndiye niliyesema nyumbani itaibiwa. Nikampigia, nikamfokea kwamba laini ikifungwa mguu wa baba utaozea kitandani. Nilisema hivyohivyo, kwa mama yangu mzazi.

Kesho yake asubuhi akapigiwa na mtu mpole. Akamwamkia, akasubiri marahaba. Akasema anatoka kampuni ya simu, wanajua akina mama wa machimboni vidole havisomi, basi wao wanahakiki kwa simu. Amsomee namba zilizoingia kwenye ujumbe, kisha namba ya siri. Mama akamsomea moja moja, akamshukuru. Halafu akanipigia kwa furaha, kwamba kazi imekwisha, nisikasirike tena.

Nikamfuata kwa bodaboda, tukakimbilia dirishani. Binti akaangalia, akasema pesa imehamishwa lakini haijatolewa, anaweza kuizuia, ila mwenye laini aweke kidole. Mama akaweka. Akaweka kingine. Akaweka vyote kumi. Nilipiga meza, nikatukana, mlinzi akanitoa nje. Kupitia kioo nilimwona mama anapangusa vidole kwenye khanga. Ilipofika saa saba mchana hapakuwa na cha kuzuia.

Kuchangisha upya kulichukua wiki tatu. Daktari akakata juu ya goti. Alisema tungewahi angekisafisha tu kile kidonda.

Sasa mama ndiye anayemshika baba kwenda chooni. Baba hajaambiwa. Kila mgeni akija, baba anamlaumu daktari kwa kuchelewa, na mama anamimina chai.

Juzi alinisindikiza hadi barabarani.

"Mwanangu," akaniuliza, "siku ile uliponifokea, ulitaka nifanyeje?"

Nikamwambia arudi ndani, jua lilikuwa kali.