Nyota Zilizokula Sahani Moja

Shule yangu iligharimu madebe mawili ya maharagwe, jogoo mmoja, na masomo ya dada yangu Faida. Nimehesabu mara mbili. Jogoo nilimpigia bei mwenyewe sokoni Kadutu, na hadi leo naamini tulimuuza kwa hasara. Lakini hasara hiyo naisahau nikifika kwenye kitu cha tatu.

Miaka ile ya Zaïre, ua wetu ulinuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, wakikaangwa kabla giza halijaingia. Mimi na Faida, aliyenizidi mwaka mmoja, tulikula sahani moja. Sheria ya mama ilikuwa fupi: kila mkono ukae upande wake. Bahati mbaya, mimi nilijaliwa mkono mwepesi. Faida akipuliza vidole kwa moto wa bugali, mpaka kati yetu ulisogea, na kila mara ulisogea kuelekea kwake.

Jioni moja tulikula, mama na Papa, baba yetu, wakiwa wameketi kando. Papa alikuwa amesema kwamba minervali, yaani karo ya shule, ingepatikana ya mtoto mmoja tu, na kesho yake angetaja nani. Tonton, mdogo wake mama aliyefundisha fizikia, alitukuta hapo, akatazama sahani, akacheka ili kutupunguzia uzito.

"Muko kama nyota mbili zenye ziko karibu sana," akasema. Akaeleza kwamba nyota hizo huzaliwa pamoja na kuzungukana. Ile kubwa huzeeka kwanza, huvimba, na mavimbe yake yakivuka mpaka, mwenzake huyavuta akayala.

"Na ile yenye inakuliwa, inabakia nini?" Faida akauliza.

"Moyo wake tu. Kadogo, kepesi, lakini keupe kwa moto. Tunaiita nyota kibete nyeupe. Nyota ya peke yake ingechukua miaka mingi sana kufikia wepesi ule, na ulimwengu haujaishi miaka ya kutosha. Ukikuta moja nyepesi hivyo, ujue ilikula na mwenzake."

"Tuonyeshe," nikasema.

"Kwa macho haionekane."

"Tonton, unatuuzia kitu kenye hakionekane?"

Wote wakacheka isipokuwa Faida. Alisukuma bugali wake uliobaki, wote, hadi upande wangu.

"Papa," akasema, "andikisha mudogo wangu. Mimi nitauza sambaza na maman."

"Umefikiri, binti yangu?"

"Nimefikiri. Uyu akienda soko atabishana na wateja mpaka samaki zioze."

Nikaenda shule. Nikasoma hadi nikawa mwalimu wa fizikia, na kila mwaka ninapofika kwenye nyota hizo mbili, nachora sahani ubaoni. Leo watoto wangu kila mmoja ana sahani yake, safi, na hakuna anayejua mpaka ni kitu gani. Wameshiba kuliko sisi. Sina hakika kama wamelishwa kuliko mimi.

Faida bado yuko Kadutu, mwembamba, macho yanawaka, na hakuna anayemshinda kwa bei. Nimempelekea cherehani, akairudisha. Nimempelekea mabati ya nyumba, akawapa majirani. Mara ya mwisho nilimpa bahasha. Akaisukuma juu ya meza kama ule bugali. "Kula upande yako, mudogo wangu," akasema.

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Kuhusu kurudisha hawakuacha neno. Basi wewe msomaji, uliyewahi kulishwa na mkubwa wako, nishauri: mtu asiyepokea hulipwaje?