Karatasi ya Mwalimu Bonaventura

Nilipiga wimbo mzima bila kukosea hata mahali pamoja. Ndiyo sababu niliachwa.

Mtasema navunga. Sivungi. Yalinitokea mwaka 2003, kule Mbulu.

Nilikuwa mpiga gitaa la solo wa bendi yetu ya jazz kwa miaka kumi na sita. Vyombo tulinunuliwa na ushirika enzi zile. Ushirika ukafa, mabaa yakaleta disko, sisi tukabaki na harusi mbili tatu kwa mwaka. Nilikuwa na miaka arobaini na moja, vidole vimeanza kukakamaa asubuhi, na hakuna hata kanda moja duniani yenye gitaa langu.

Ndipo kiongozi wetu, Mwalimu Bonaventura wa Endagikot, akapata siku nne za studio Arusha.

Tulikuwa kumi na mmoja. Akasema anachukua watano.

"Albamu hii ni ya tungo," akatuambia. "Sitafuti mwenye vidole vya haraka. Natafuta atakayeubeba wimbo."

Akampa kila mtu karatasi ya sehemu yake, wimbo mpya ambao hatujawahi kuusikia. Siku tatu, halafu tumfuate nyumbani mmoja mmoja.

Mwalimu alikuwa anatunga kwa noti za kwaya, zile za do, re, mi, na mimi sijui kuzisoma. Miaka yote nilikuwa nasubiri mpiga saksafoni aanze, nadaka kwa sikio, kisha naingia kama mtu aliyesoma. Nikaamini hakuna aliyenishtukia.

Nikaenda kwa Perpetua, mwalimu wa kwaya pale Bashay.

"Kaka Severine, leo umepotea njia?"

"Niimbie hii. Ila usimwambie mtu."

Akaimba, nikashika. Tulipofika katikati akasimama.

"Hapa pamekosewa. Wimbo unataka mi, yeye ameandika fa. Kamuulize Mwalimu."

"Imba kama ilivyoandikwa."

"Kaka, inaumiza masikio."

"Wewe imba tu."

Ningemuulizaje? Angeniambia nimwonyeshe kwenye karatasi, ningeonyesha wapi? Nikajikausha. Nikapiga lile fa siku mbili nzima mpaka likazoeleka.

Siku ya tatu nikatembea mpaka Endagikot, gitaa mgongoni.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Severine. Keti, tusikie."

Nikapiga. Kila kitu kama kilivyoandikwa, na lile fa chungu likiwemo. Nikamwangalia usoni. Hakutabasamu.

"Rudia kuanzia mstari wa tatu."

Wimbo nilikuwa naujua wote, lakini mstari wa tatu unaanzia wapi sikujua. Nikaanza mwanzo kabisa.

"Nimesema wa tatu."

Nikaanza tena mwanzo.

"Basi, inatosha," akasema taratibu.

Jumamosi majina yakasomwa. Langu halimo. La Gidahosh limo.

Sasa huyu Gidahosh, mpiga besi wetu, ni mtu wa Hanang, amekulia machungani na ng'ombe wa baba yake, hajakaa darasani hata siku moja. Nikachanganyikiwa. Nikamfuata Mwalimu mpaka kwake, nikapiga magoti sebuleni, mtu mzima na mvi zangu, nalia.

"Mwalimu, sina nafasi nyingine. Nikiikosa hii nitakufa kama mtu ambaye hajawahi kupiga. Gidahosh hajui hata herufi a."

"Na alikuja kuniambia hivyo hivyo. 'Mwalimu, mimi sisomi, niimbie.' Nikamwimbia. Tulipofika penye kosa akaniuliza kama nimekusudia."

"Kosa?"

"Nililiweka mwenyewe, kwenye kila karatasi. Studio nitakosea, Severine, mimi ni binadamu. Nahitaji watu wa kuniambia kabla halijarekodiwa." Akanishika bega. "Wewe nimejua husomi tangu mwaka wako wa kwanza. Nilikuwa tayari kukuchukua. Nilikuwa nangoja useme."

Nikafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Nani alikuimbia?"

"Perpetua wa kwaya."

"Hakuliona kosa?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimechoka, ndugu zangu, nimechoka kabisa.

"Aliliona. Akaniambia nije nikuulize."

Kisha akaniuliza kama yule dada bado anapiga kinanda kanisani.

Jumatatu waliondoka kwenda Arusha, na Perpetua alikwenda nao, wa sita. Sehemu yangu yote aliipiga yeye kwa kinanda, na kusema kweli aliipiga vizuri. Sikumchukia. Nilijichukia mwenyewe, na hilo halijaisha.

Wewe unayesoma hapa, kama kazini kuna kitu hukijui na unakificha, huenda mkubwa wako ameshakijua zamani, anangoja tu ufungue mdomo. Fungua. Utaona aibu kidogo, watu watacheka, mtaendelea na kazi. Mimi nilipewa miaka kumi na sita ya kusema "sijui", nikaongezewa na siku tatu.

Bendi ilivunjika mwaka uliofuata. Kanda ipo, nyimbo nane, na mimi simo hata kwenye mmoja.