Nyumba Isiyo na Bomba la Moshi

Uasi ulipokwisha, shule yetu ya Tshopo ilifunguliwa bila madawati wala daftari. Waporaji waliacha kitu kimoja tu: bango la somo la kuchora, la tangu enzi za Wabelgiji. Lilikuwa na nyumba ya matofali, na juu ya paa bomba la kutolea moshi. Watoto waliinakili nyumba hiyo mwaka baada ya mwaka. Aliyekosea mstari alipoteza alama. Mimi pia niliinakili nilipokuwa mdogo, nikidhani lile bomba ni mtungi wa kukingia mvua.

Sasa nikiwa mwalimu wao, nikaligeuza bango likatazama ukuta. Niliwagawia watoto makaa na vipande vya maboksi, nikawaomba wachore jiko la kwao. Wakakaa wakisubiri niwaonyeshe. Hawakuwa wakaidi, hakuna aliyewahi kuwauliza wanaona nini. Basi nikauliza polepole: nani hukaa karibu na moto? Kuni huwekwa wapi? Mkono mmoja ukaanza, kisha mwingine.

Binti mmoja, mtoto wa wavuvi wa Isangi, alichora paa la majani linalofuka moshi kila upande.

Wiki ya mtihani, michoro hiyo ikiwa sehemu ya alama, akaja inspekta wa shule. Aliitazama kazi ya binti huyo, akauliza bomba liko wapi.

"Mama mwalimu, hii nyumba iko naungua," akasema, na darasa likaangua kicheko.

Binti akasimama, akamjibu kwa heshima kama anayemjibu baba yake. "Hapana, papa. Kwetu moshi inapita kwa majani. Inakausha samaki kule juu. Tukiitobolea tundu moja, samaki itaoza."

Kicheko kikakatika. Inspekta aliniamuru niandike sifuri, ingawa alijua sifuri ingemrudisha binti darasa lilelile. Nikamuuliza kwa adabu kama jiko la mama aliyemzaa yeye inspekta lilikuwa na bomba. Akajibu kwamba mama yake hayumo kwenye mtihani.

Nikaandika tisa kati ya kumi, kwa wino, mbele yake.

"Na ile moja?" akauliza kwa kejeli.

"Amesahau mlango, papa inspekta. Nitamweleza."

Binti alipanda darasa. Mimi nilipandishwa lori la kwenda kufundisha mbali, Bafwasende, adhabu ya ukaidi, na sikuomba msamaha. Wiki ya kwanza huko niliwaambia watoto wachore njia ya kutoka kwao hadi shuleni. Waliponigeukia niwaonyeshe, niliketi, nikaikunja mikono.