Ngawira na Ng'ombe wa Dada Yangu

Siku wenye ng'ombe walipofika nyumbani kwetu Kegonga, mimi nilikuwa chuoni Rongo, nimejifungia chumbani, naandika tasnifu kuhusu ngawira. Najua inavyosikika. Ningeyasoma haya kwa mtu mwingine ningesema amejitungia.

Swali langu la utafiti lilikuwa jepesi kulitaja: mali iliyotekwa vitani ni ya nani? Wasomi wamelijibu kwa karne nyingi na hawajachoka. Wako wanaosema ni ya aliyeitia mkononi kwanza, maana ndiye aliyehatarisha shingo yake. Wako wanaosema ni ya mfalme, au ya Mungu, na askari hupewa tu kwa hisani. Na wako wanaosema haiwi ya mtu yeyote mpaka igawanywe. Askari akichukua kitu kabla ya mgao, huyo ni mwizi, na wenzake watamchapa. Akingoja wakubwa wakae na wagawe, kitu kilekile kinakuwa haki yake. Mgao ndio unaokisafisha. Hoja hiyo niliiona tamu sana, nikaipigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Yaliyotokea nyumbani alinisimulia mama. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa na kijana mmoja mchangamfu, mwepesi wa maneno, aliyeleta ng'ombe wa mahari wazuri mpaka majirani wakaja kusimama kando ya boma kuwatazama. Lakini kwetu Wakuria ng'ombe wa mahari si wa kukaa. Wakiingia kwa binti, hutoka kwa kaka yake. Ng'ombe wa dada walipumzika kidogo kwa baba, kisha wakapelekwa kwa wakwe wa kaka yetu, naye kaka akapata mke. Wifi alimheshimu dada yangu kuliko alivyomheshimu mama, kwa sababu alijua ni kwato za nani zilizomleta pale.

Basi ng'ombe wale walikuwa wa wizi. Shemeji na wenzake walikuwa wamewatoa upande wa pili wa mpaka wa kaunti. Dada hakujua. Baba, nadhani, hakuuliza, maana mkwe haulizwi ng'ombe amewatoa wapi, na baba alikuwa na mwana wa kuoza.

Wenyewe walikuja na polisi na chifu, wakifuata habari kama zamani walivyofuata nyayo. Sheria ya nyayo kila mtu anaijua: zikiingia bomani kwako na zisitoke, wewe ndiye wa kujibu. Baba hakubishana. Aliwaongoza mwenyewe hadi kwa wakwe wa mwanawe. Mama anasema yule mwenye mali hakutazama hata alama za masikio. Alisimama mlangoni mwa boma akapiga mluzi. Ng'ombe mmoja wa kahawia, mwenye pembe iliyopinda kuelekea jichoni, akainua kichwa, akamwendea, na ndama akafuata. Wakaswagwa wote wakaondoka. Baba alikaa juu ya jiwe akalia, jambo ambalo mimi sijawahi kuliona na sitaki kuliona.

Kisha ndipo mambo yakaanza kuporomoka. Wakwe wa kaka walisema: leteni ng'ombe wengine, au tumchukue binti yetu na mtoto anayemnyonyesha. Shemeji alikuwa amevuka kwenda Tanzania na simu yake haishiki. Na dada yangu, kwa kuwa ng'ombe wake wamerudi walikotoka, ikawa hajawahi kuolewa. Miaka yote ile ya kupika, kulima, kuzaa na kumpeleka binti yake shule iligeuzwa kuwa matembezi. Baraza la wazee, wanaloliita iritongo, lilikaa na kupata dawa: kulikuwa na mzee mwenye ng'ombe wa kutosha, amefiwa na mke, anatafuta mwingine. Dada aozwe kwake, ng'ombe waende kwa wakwe wa kaka, kila mtu alale. Ng'ombe wa maskini hazai, lakini huyu wa kwetu alitakiwa azae mara mbili.

Dada hakungoja. Alimshika binti yake mkono, akaenda ziwani, Kisegi, kwa mwanamke waliyewahi kufanya naye biashara sokoni Migori. Akaanza kuuza omena, dagaa wa ziwani.

Nilipomweleza msimamizi wangu wa tasnifu kwamba nina msiba nyumbani, aliuliza ni wa nani. Nikamweleza kidogo. Si mtu mbaya. Aliegemea kiti, macho yakamng'aa.

"Lakini hii ni data," alisema. "Kwanza ungeongeza sura ya mwisho. Ngawira ya siku hizi. Hawa vijana wetu hapa, si unawasikia vile wanaongea juu ya wasichana?"

Nilikuwa nawasikia. Kibandani pa chai, nje ya lango, kila Jumatatu wanafunzi wa kiume husimuliana wikendi ilivyokwenda, nani amempata nani, na wanaitana fisi kwa fahari, fisi huyu kaangusha, fisi yule kakosa. Hakuna anayemtaja msichana kwa jina. Wasomi nao wamegawanyika juu ya lugha hiyo. Wengine wanasema maneno ya vita yaliingia kitandani kwa sababu wanawake walitekwa kwelikweli, wakagawanywa kwelikweli, na neno la namna hiyo haliishiwi damu hata ukilitania vipi. Wengine wanasema tusikuze mambo, ni watu wazima wawili, wamekubaliana, leo hapa kesho kwingine, hakuna aliyemteka mwenzake. Nilizisoma pande zote mbili kwa bidii. Ndipo nikaenda Kisegi kumwona dada, nikiwa na kalamu mkobani, Mungu anisamehe.

Mashua za omena hurudi asubuhi. Wanawake wanakuwa wamejaa ufukweni na makarai yao, leso zimefungwa juu ya magoti, na mashua ikikaribia wanaingia majini kuilaki. Mimi nilisimama na dada nikitazama. Kijana mmoja kwenye mashua aliinua kidevu upande wetu, na dada akapita mbele ya wanawake wengine kana kwamba amefunguliwa mlango. Karai lake lilipimwa la kwanza. Nyuma yake bibi mmoja mzee alilalamika kwa Kijaluo, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili.

"Nyar Kuria ako na jaboya," alisema. "Sisi wengine tutangoja mpaka iishe."

Nyar Kuria, binti wa Kikuria, ndiye dada; jaboya ni mvuvi wako, yule unayelala naye ili upate samaki. Hilo nilikuwa nimeshalisoma. Nisichokuwa nimekisoma nilikiona wakati dada alipofungua fundo la leso na kutoa pesa. Alilipa bei ileile wanayolipa wote. Nilidhani nimeona vibaya, nikamwuliza tukiwa tunaanika omena juu ya nyavu kuukuu.

"Unalipa? Na si ni mtu wako?"

"Hatoi samaki bure."

"Sasa anakupa nini?"

"Nafasi," dada alisema. "Ya kununua. Asiye na mtu huwa anapata mapovu."

Alisema bila aibu na bila uchungu, akitawanya omena kwa viganja, akiondoa majani na vijiwe. Nikamwuliza kama anampenda. Alicheka mpaka binti yake, aliyekuwa akifukuza kunguru kwa fimbo, akaja kuuliza tunacheka nini.

Nilirudi Rongo na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Niliandika ile sura. Niliandika kwamba mateka wa zamani alijua nani amemteka na angeweza kumchukia mtu mmoja, lakini dada yangu hakutekwa na yeyote. Kila aliyemgusa alikuwa na haki yake mkononi. Mwenye ng'ombe alikuwa na haki. Wakwe wa kaka walikuwa na haki. Wazee walifuata utaratibu. Mvuvi alikubaliana naye. Msimamizi aliandika pembeni kwamba hapo nimetumia hisia, nipunguze. Nikapunguza.

Miezi ikapita. Wakwe wa kaka waliendelea kutuma ujumbe, na wifi, mama alisema, alikuwa ameacha kupanda chochote shambani kwa kuwa hakujua kama atavuna yeye. Halafu ujumbe ukakoma ghafla. Nilipompigia mama kuuliza, alisema tu kwamba wazee wamekaa tena na mambo yametulia. Nikamwuliza yametuliaje. Akasema simu inakatika.

Haikuwa inakatika. Nilipanda gari alfajiri iliyofuata hadi Homa Bay, nikaunga hadi Sindo, nikachukua pikipiki mpaka Kisegi. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba nitamchukua yule mtoto akae nami Rongo. Kwa nini mtoto, na si dada? Sijui. Labda nilijua tayari.

Nilimkuta dada amekaa juu ya kibao nje ya chumba chake cha mabati, binti yake katikati ya magoti, anamsuka. Alikuwa amemvalisha gauni la kanisani. Nilitoa salamu, nikasema nilichokuja kusema, pale pale, kabla ya kukaribishwa kiti.

"Umechelewa," dada alisema. "Baba alikuja jana. Amelala Sindo. Anakuja kumchukua."

"Kumpeleka wapi?"

"Nyumbani. Si ni wake? Mimi sijaolewa." Alivuta unywele, mtoto akashtuka. "Wale watu wa wifi wamekubali kungoja."

"Kungoja nini?"

Dada aliinamisha kichwa cha mtoto kidogo, kwa upole, akaanza mstari mwingine. Ndipo nikaelewa. Wazee walikuwa wamekaa na kugawa. Kaka angebaki na mke, wakwe wake wangebaki na ahadi, na huyu mtoto akishakua ataozwa, na ng'ombe wake watapita kwa baba bila hata kulala, waende moja kwa moja kwa wakwe wa kaka. Nikakaa chini mchangani na nguo zangu za chuoni.

Nilimwambia dada kwamba ni wazimu. Nilimwambia kuna sheria, kuna ofisi ya watoto, na yeye ndiye mama. Alimtuma binti yake dukani kununua kiberiti, kisha akanitazama.

"Nenda huko ofisini," alisema. "Watamwita chifu. Chifu aliketi na wao. Halafu wifi atarudishwa kwao na kale kachanga kake, na kila mtu atasema ni mimi nimevunja nyumba ya ndugu yangu."

"Nipe mimi basi. Akae Rongo, asome."

"Baba akibisha hodi utamfungia?"

Nilifikiria chumba changu kimoja, kazi yangu ya mkataba pale chuoni, na baba mlangoni amevua kofia. Ningemkaribisha. Ningempikia chai.

"Au uolewe wewe," dada alisema. "Ng'ombe wako bado wako."

Baba alikuwa akinitania siku zote kwamba ng'ombe wangu wanakula karatasi, na nyumbani wote tulikuwa tukicheka. Kisha dada akasema alikuwa anatania. Hakuwa anatania, na mimi sikumwambia ndiyo.

"Basi abaki nawe hapa," nilisema. "Angalau yuko na mama yake."

"Hapa akikua atanunua samaki vile mimi nanunua." Alifuta mikono yake yenye mafuta kwenye leso. "Kule wamesema watangoja akue. Hapa ni nani anangoja?"

Katika vitabu vyote nilivyosoma hakuna aliyewahi kuweka mizani namna hiyo, mahali pabaya hapa na pabaya pale, na mtu mwenye akili timamu akachagua. Nilitaka kumkumbatia dada, nikaogopa atanisukuma.

Baba alikuja saa nne, nyuma ya pikipiki, na mkate chini ya kwapa. Alikuwa amekonda. Alinisalimia, akaniuliza masomo yanaendeleaje, akamwuliza dada kama omena wanapatikana. Hakukwepa macho yetu. Alikaa kwenye kile kibao, akanywa chai, akasifu nywele za mjukuu wake. Nilikuwa nimepanga maneno makali, na nikatoa moja tu.

"Baba, huyu ni mtoto."

"Ndiyo maana tumeomba wangoje," alisema.

Aliamini kabisa kwamba amemtetea. Pengine alikuwa amebishana nao siku nzima kuupata muda huo. Nilimtazama mzee wangu akichovya mkate kwenye chai, na hasira yote niliyokuja nayo haikupata mahali pa kukaa.

Dada alifunga nguo za binti yake kwenye mfuko wa sabuni. Hakulia. Alisema anawahi kugeuza omena kabla jua halijawachoma, akaenda ufukweni, na hakugeuka nyuma. Mimi ndiye niliyempeleka mtoto hadi penye pikipiki. Alikuwa na furaha. Alinivuta mkono ili niiname, ana siri ya kuniambia.

"Mama mdogo, babu amesema nikikua nitakuwa na ng'ombe wengi."

"Ndiyo," nilimwambia. "Utakuwa nao."

"Wangu mimi?"

Nikampandisha katikati ya dereva na babu yake, nikamwambia ashike vizuri.