Daftari la Mzee wa Vyungu

Wacha niseme ukweli kabla sijaanza kujitetea: yule mzee wa vyungu nilimbuni mwenyewe. Nilikuwa mwalimu msaidizi kwenye shule ya shamba la mzungu upande wa Gilgil, umri miaka kumi na tisa, kichwa kimejaa kiburi. Misheni ilinipa kitabu cha picha za Ulaya ya kale, na ndani yake nikaona mtu mwenye joho akipika madini kwenye vyungu ili bati ligeuke dhahabu. Nikampenda. Nikamleta Bonde la Ufa, nikamwandikia daftari zima.

Humo alizunguka Elementaita akichunguza wanyama wa ajabu: kenge mwenye mabawa, fisi anayelia machozi ya magadi, nyoka wa mvuke anayeishi kwenye mashimo ya Olkaria. Kila mnyama alikuwa na dawa yake. Dawa sikubuni. Zilitoka kwa mama, mkunga wa kambi nzima ya vibarua, ambaye Jumapili alinipeleka porini nikachora majani aliyonionyesha. Hakujua kusoma, lakini nikikosea alinicheka: "Hilo ni leleshwa ama ni sikio la punda?"

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Kwetu Wagikuyu saba si namba ya mchezo. Ni namba ya laana na viapo, na wazee hawakuitamka ovyo. Mimi, kwa vile kitabu cha misheni kiliipenda, nikaandika kwamba mzee alikunywa dawa mara saba, akazunguka moto mara saba, akaapa kutotoa siri ya wanyama wake. Hayo niliyaandika wakati wa Hali ya Hatari, watu wakikamatwa kila wiki kwa kula kiapo cha wapiganaji wa msituni. Na mwalimu ndiye mimi!

Askari wa serikali walikuja kupekua asubuhi, sisi tumepangwa mstari nje ya nyumba zetu za udongo. Afisa mzungu alifungua daftari, akaona kenge, akataka kulitupa. Homgadi aliyekuwa naye, mtu wa kwetu aliyewalindia wazungu kijiji, akalichukua, akasoma mistari miwili, akaacha kutafuna muwa.

"Afande, hapa kuna saba. Na kuna kuapa." Akatugeukia. "Hili ni la nani?"

Ningesema langu. Lilikuwa neno moja tu. Lakini nilijua waliosoma walikuwa wanapelekwa kambi za mbali na wengine hawakurudi, nikainamia viatu vyangu.

"Ni langu," mama akasema.

Homgadi akacheka. "Mama, wewe hata jina lako hujui kuandika. Soma basi."

Akamwekea daftari usoni. Mama akaweka kidole kwenye picha za majani, moja baada ya nyingine, akazitaja bila kusita: muiri wa tumbo, leleshwa ya jino, thabai ya kuongeza damu. Maneno, akasema, aliandikiwa na mpita njia ambaye sasa ni marehemu. Akaulizwa saba ni za nini. Akajibu kwamba ni za dawa, na muda wote huo hakunitazama hata kidogo. Wakampandisha lori.

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka kwake. Sauti nilikuwa nayo, miguu nilikuwa nayo. Usiniambie nilikuwa kijana, maana hata kijana ana mdomo. Lori lilipopotea nikaenda shuleni, nikafundisha hesabu.

Alikaa kizuizini mwaka na nusu. Aliporudi, vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa havikunjiki, na hakupokea mtoto tena. Nilimpikia uji. Akanywa polepole, akauliza kama bado nafundisha. Nikasema ndiyo.

"Basi ni vizuri," akasema.

Aliishi miaka thelathini baada ya hapo, na hata siku moja hakuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nami, aibu yangu, sikuwahi kumwomba msamaha.